Natokwa damu chooni na mzigo unasubiri Tunduma

Sista habari za kazi. Kwanza naomba usitoe jina langu wala kampuni, kuna madereva wenzangu wanasoma hapa nikijulikana nimekwisha.

Mimi ni dereva wa semi, napeleka mzigo Lubumbashi kupitia Tunduma, umri miaka 43, nina mke na watoto watatu, naishi Mbagala ila kuzaliwa na kukulia ni Ukerewe. Tatizo langu limeanza muda sasa, tuseme kabla ya mvua za masika, nikienda haja kubwa choo kinakuwa kigumu najikamua mpaka machozi alafu nikimaliza naona damu nyekundu imetapakaa kwenye sinki, siku nyingine inadondoka tone tone baada ya choo kutoka. Mwanzo nilidhani ni pilipili nikaacha pilipili, haikusaidia. Baadae kikaanza kutoka kinyama, kilikuwa kinarudi chenyewe, siku hizi mpaka nikisukume na kidole ndo kinarudi ndani. Hakiumi sana ila kinawasha usiku na nguo ya ndani inakuwa na unyevunyevu, sa hivi navaa boksa nyeusi tu ili wife asione akifua.

Sasa tingo wangu ndo mtu pekee anayejua, akanipa namba ya jamaa anauza dawa ya mgolo, ni unga wa kijivu unapaka kwenye kinyama anasema kinakauka kinadondoka chenyewe, na ikishindikana yeye mwenyewe anakata kwa laki na nusu, hospitali hakuna haja eti wakikupasua inarudi. Nilipaka mara moja sista, niliungua nikamaliza maji yote ya kunywa naosha pembeni ya lori usiku. Nikaacha ila unga ninao bado na jamaa anasema hayo maumivu ndo dawa inafanya kazi, nivumilie wiki moja.

Kula kwangu ni huko njiani, chipsi mayai, nyama choma na ugali, soda na enaji za kunifanya nisilale. Maji nayapunguza makusudi maana vyoo vya njiani unavijua, na pale boda foleni ikikaza unaweza kulala ndani ya gari siku mbili tatu, ukibanwa unabana. Pia siku hizi nikipanda kwenye kichwa cha gari moyo unadunda mpaka nakaa kidogo kabla sijawasha, nadhani ni mawazo tu.

Maswali yangu: hii kitu inatibika nyumbani au lazima kisu? Huo unga niendelee? Je ni kweli inaua nguvu za kiume maana jamaa ameniambia nikichelewa nitakuja kujuta, na mimi kweli hamu imepungua. Wife juzi kaniuliza kama nina mwanamke Zambia. Na madereva wana utani mbaya, kwamba mwanaume mwenye mgolo anajulikana anafanya nini. Na mwisho, inaweza kuwa kansa? Bosi anataka nipakie wiki ijayo, nimwambie nini?

Dereva, Mbagala

*

Kaka pole sana, na nikuambie mapema kwamba hujaandika kitu cha kunishangaza. Hiki ulichonacho wanakuja nacho walimu, masheikh, wachungaji, mama wajawazito ndo usiseme, na wote wanaingia chumbani wanaanza na kukohoa na kunihadithia kichwa kinauma, mpaka nifunge mlango ndo wanasema.

Umeniuliza mengi ila kitu kilichonishtua mimi umekipitisha haraka kama hakina maana, hapo uliposema moyo unadunda ukipanda kwenye gari. Hayo siyo mawazo mpaka tupime tujiridhishe. Mtu anayetokwa damu kidogo kidogo kwa miezi hahisi kama anapungukiwa, mwili unazoea unazoea, alafu siku moja anashangaa ngazi tatu za kichwa cha semi zimemshinda. Hamu kupungua nayo inaweza kutokea hukohuko. Kwa hiyo kabla ya beseni la maji na matunda na mengine yote nitakayokuambia, kesho au keshokutwa nenda kituo cha afya upime wingi wa damu, HB, ni kipimo cha bei ndogo na majibu unapewa palepale. Mwanaume mzima akiwa chini ya 13 ana upungufu, akiwa chini ya 8 huo ni upungufu mkali na huyo simruhusu hata pikipiki achilia mbali kontena la kushuka nalo mlima Kitonga. Nasema hivi kwa sababu ukipata kizunguzungu kwenye usukani hutajiumiza peke yako.

Sasa tuje kwenye kinyama chenyewe. Watu wanadhani bawasiri, huo mnaouita mgolo, ni kitu kigeni kimeota, wakati kila binadamu, hadi huyo jamaa wa unga, anavyo vimto laini vya mishipa ya damu kwa ndani karibu na tundu la haja, kazi yake ni kusaidia kufunga vizuri ili upepo na choo visitoke ovyo. Ukijikamua sana kila siku, ukikaa chooni muda mrefu, vile vimto vinajaa damu, vinavimba, vinalegea vinaanza kushuka. Choo kigumu kikipita kinakwangua juu yake, ndo hiyo damu nyekundu mbichi. Na huku ndani hakuna neva za maumivu kama za kwenye ngozi ya nje, ndo maana damu inatoka nyingi na wewe huumwi. Zile za nje kabisa ndo zinauma, hasa damu ikiganda ndani yake, unaamka asubuhi una uvimbe wa bluu pembeni hukaliki.

Madaktari wanazipanga hatua nne. Ya kwanza inatoa damu tu hakuna kinachotoka. Ya pili kinatoka ukijikamua na kinarudi chenyewe. Ya tatu mpaka urudishe na kidole, na ya nne hakirudi hata ukisukuma. Wewe kwa maelezo yako ulikuwa ya pili ukaiacha mpaka imekuwa ya tatu. Hatua ya kwanza na ya pili ukibadilisha choo kikawa laini nyingi zinatulia nyumbani kabisa. Ya tatu, dawa za nyumbani zitapunguza damu na muwasho lakini kinyama kilicholegea hivyo mara nyingi kinahitaji mkono wa daktari. Na hapo watu wakisikia daktari wanasikia kisu, kumbe kuna kufungwa mpira. Anaingiza kibomba kifupi chenye mwanga, anakivuta kile kimto anakivalisha kijimpira kidogo kwenye shina lake, damu haiendi tena, kinanyauka kinadondoka chenyewe ndani ya siku kadhaa mpaka kama wiki hivi, unaweza hata usikione kinatoka. Hulazwi, hushonwi. Utahisi kama unataka haja siku ile na unaweza kuona damu kidogo kinapodondoka, na wengine wanarudia zaidi ya mara moja. Uliza hospitali za rufaa, hapo Dar ziko, na kwa kuwa njia yako inapita Mbeya kuna ya kanda pale pale. Upasuaji mkubwa unabaki kwa ya nne na zile zilizoshindikana, na ndiyo, kidonda chake kinauma wiki mbili tatu sikufichi, lakini katika njia zote huo ndo unaoongoza kwa kutorudi. Wanaorudiwa mara nyingi ni wale waliotoka hospitali wakarudi kujikamua kama zamani.

Unga huo, tupa. Na usimpe mwenzako, mwaga kwenye shimo la choo. Sijauona ila dawa yoyote inayofanya nyama "ikauke idondoke" kwa kupaka ni kitu kinachounguza, na hakina akili ya kujua hapa ni bawasiri na hapa ni ngozi nzima na hapa ni msuli wa kufunga haja. Nimewahi kumhudumia mtu aliyevumilia hiyo wiki moja mnayoambiwa mvumilie. Kinyama kilidondoka kweli, ila na pembeni kote palichomeka, kidonda kilipopona kovu likajivuta tundu likabaki dogo choo kinatoka chembamba na kwa kilio, ikabidi afanyiwe upasuaji wa kutanua. Na anayekatwa nyumbani kwa wembe, ukiacha damu na maambukizi, msuli ukiguswa utashindwa kuzuia choo maisha yako yote. Hiyo laki na nusu itunze. Kwenye hilo hilo nimalizie na vitu vingine mnavyopachika huko: kitunguu swaumu, ndimu, dawa ya meno, maji ya betri (ndiyo, nimeletewa), hakuna hata kimoja cha kuweka. Aloe vera mbichi wengine wanasema inapoza muwasho, sina ugomvi nayo kwa nje ila usitegemee ikurudishie kinyama.

Pilipili uliyoacha haikuwa na kosa, inaweza kukuwasha ikipita ila haileti bawasiri. Wala kukalia jiwe la moto au sementi baridi.

Haya, nyumbani na njiani. Dawa kubwa ni choo laini kinachotoka bila kusukuma, na hicho kinatengenezwa na vitu viwili vikiwa pamoja, nyuzinyuzi na maji. Nyuzinyuzi ndo yale makapi ya kwenye mboga, maharage, maganda ya nafaka, ambayo tumbo haliyasagi, yanafika kwenye utumbo mpana yakiwa yamenyonya maji yanafanya choo kiwe kikubwa na laini. Ukila makapi bila maji unajijengea tofali tumboni. Ukinywa maji bila makapi unakojoa tu. Mtu mzima anahitaji kama gramu 25 mpaka 30 za nyuzinyuzi kwa siku, sasa angalia chakula chako: chipsi mayai zinakupa kidogo, nyama na soda hazina kabisa, wali mweupe kikombe kizima haufiki hata gramu 2, na sembe imekobolewa. Wakati kikombe cha maharage yaliyopikwa kinaweza kukupa zaidi ya gramu 10 peke yake, na parachichi moja kubwa karibu hapohapo. Na sio maneno ya mtaani, mwaka 2005 watafiti walijumlisha tafiti saba za watu 378 wenye bawasiri, waliopewa nyuzinyuzi hatari ya kuendelea kutoka damu ilipungua karibu nusu. Nusu, kwa kitu ambacho mama lishe anakuuzia.

Na wewe unapita kwenye soko kaka, dereva wa mzigo wa Tunduma ndo wa mwisho kuniambia hakuna matunda. Chalinze wanauza mananasi ya Kiwangwa, Morogoro matunda ya Uluguru wanakuletea mpaka dirishani, ukifika Uyole maparachichi ya Tukuyu yamejaa ndoo. Nunua yasiyoiva mawili matatu yaivie kwenye gari. Kwa mama lishe badala ya chipsi mayai sema ugali wa dona kama upo, maharage na matembele au mlenda, nyama iwe ya pembeni sio sahani nzima. Zambia agiza nshima (ugali wao) na majani ya maboga, Lubumbashi sombe, yaani kisamvu, haikosekani. Ila usianze yote siku moja ukiwa umefungiwa kichwa kimoja na tingo, gesi itawatoa wote nje, ongeza pole pole ndani ya wiki mbili hivi.

Ukishindwa kabisa chakula, ulizia isabgol, ipo famasi na kwenye maduka ya Wahindi, ni maganda ya mbegu. Anza na kijiko kimoja cha chai kwenye glasi kubwa ya maji, koroga kunywa hapohapo kabla haijavimba, alafu ongeza glasi nyingine ya maji juu yake. Asubuhi na jioni. Usiilambe kavu, inaweza kukukaba. Itachukua siku mbili tatu kuona choo kimebadilika, na damu kupungua ni suala la wiki kadhaa, kwa hiyo usiniandikie Jumatatu kwamba imeshindwa.

Maji nayo, najua kwanini unayakwepa na siwezi kukulaumu, vyoo vingine vya pembeni ya barabara hata mimi ningebana. Lakini fikiria kinachotokea: ukibana haja, choo kinakaa kwenye utumbo mpana na kazi ya utumbo mpana ni kunyonya maji, kila saa inayopita kinakauka zaidi, sasa umeepuka choo kichafu cha Makambako unaenda kutoa jiwe choo kisafi cha Tunduma. Kwa hiyo weka mfumo. Tumbo la mtu lina tabia ya kuamka baada ya kunywa kitu cha moto au kula asubuhi, ndani ya nusu saa hivi utahisi. Wewe unaondoka saa kumi na moja alfajiri na mate mdomoni, ile hamu inakukuta uko kwenye mteremko unaipotezea. Amka mapema kidogo hapo gesti, kunywa maji ya uvuguvugu au chai, kula hata ndizi mbili, subiri iitikie, nenda, ndo uondoke. Siku utakapokuwa kwenye foleni ya boda tafuta choo cha kulipia usionee uchungu hiyo hela.

Ukiwa chooni simu iache kwenye gari. Dakika tano zikipita hakijaja inuka, rudi baadae, hakuna kukaa kusubiri na kusukuma maana kukaa pale tundu likiwa wazi mishipa inajaa damu hata usiposukuma. Choo cha kuchuchumaa kiko sawa, kinanyoosha njia, ila usichuchumae robo saa. Cha kukaa weka kitu chini ya miguu, kindoo kidogo au kistuli, magoti yawe juu ya kiuno, inama mbele kidogo, pumua usikate pumzi. Ukimaliza chamba na maji matupu. Sabuni yenye harufu, Dettol na zile tishu zenye manukato zinakausha ngozi na muwasho unazidi, na hiyo ndo inakufanya ujikune usiku. Kausha kwa kubonyezabonyeza na kitambaa laini, usisugue. Kinyama kikitoka kirudishe ukiwa umelowesha kidole na maji au mafuta ya kupaka kidogo, taratibu, alafu nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika usukani na mkate.

Beseni: maji ya uvuguvugu yanayokukalisha bila kuruka, jaribu na kiwiko kama mama anavyojaribu maji ya mtoto, makalio yazame, dakika 10 mpaka 15, mara mbili au tatu kwa siku na hasa baada ya haja. Msuli wa pale unalegea, muwasho unapungua. Chumvi sio lazima. Maji ya moto sana hapana, kuna watu wanadhani ikiunguza ndo inatibu, nao wanaishia kuja na malengelenge. Gesti nyingi beseni lipo bafuni, lisugue kwanza, maji ya moto omba jikoni, huna haja ya kueleza ni ya nini.

Dawa za kupaka na za kuchomeka zinapunguza muwasho tu, nyingi zina steroidi ndani yake kwa hiyo usizidishe siku saba, ngozi inakuwa nyembamba. Ukiumwa meza panado. Najua nyinyi madereva diklofenaki mnameza kama karanga kwa ajili ya mgongo, iache kwa sasa, inaongeza kutoka damu, na tramado ndo kabisa inafunga choo na kukusinzisha. Mirungi sikuulizi kama unatafuna, kwanza kwetu ni kosa la jinai, nasema tu kwamba inakausha choo na inaleta haya haya. Enaji na soda zikibaki ndo kinywaji chako cha siku nzima basi maji hayajapata nafasi. Usingizi dawa yake ni kulala.

Kansa. Swali zuri na jibu langu ni kwamba mimi kwa barua siwezi kujua, na huyo jamaa kwa simu hawezi kujua pia. Damu nyekundu mbichi inayodondoka baada ya choo na kinyama kinachoingia na kutoka, hiyo inafanana sana na bawasiri. Lakini mtu wa miaka 43 aliyetokwa damu kwa miezi lazima aangaliwe, daktari apime kwa kidole, dakika moja tu, alafu aangalie na kile kibomba, na akiona haja atakupeleka kwenye kamera ya utumbo mpana. Mwambie bila kuulizwa kama umepungua uzito, kama choo kimebadilika kwa wiki nyingi, kama damu imechanganyika na choo au choo ni cheusi kinanata kama lami, kama ukimaliza unahisi hujamaliza, kama nyumbani kwenu kuna aliyeugua kansa ya utumbo. Watu wamekaa na kansa huku wakipaka dawa za bawasiri mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyewahi kuwagusa, na wengine wanaona aibu ya kidole cha dakika moja.

Na kuna kingine kwa upande wako, umesema umekulia Ukerewe. Umeogelea ziwani, usinikatalie. Kichocho cha tumbo kule ni kingi na kinaweza kukaa mwilini miaka mingi kinatoa damu kwenye choo. Kwa hiyo siku hiyohiyo unapopima HB peleka na choo kipimwe, waambie umetoka ukanda wa ziwa. Wakikuta, dawa yake ipo na unapona. Pia kama HB itakuwa chini watakupa vidonge vya kuongeza damu, ujue vinafanya choo kiwe cheusi na kigumu, sasa hapo ndo maji na maharage yasikosekane, na usije ukaogopa ule weusi ukaacha dozi.

Nguvu za kiume. Mishipa inayovimba huku sio inayopeleka damu kule, hakuna bawasiri inayoua nguvu. Wauza dawa wanaunganisha haya mawili makusudi kwa sababu mwanaume akitajiwa hiyo sehemu anatoa hela bila kuuliza risiti. Upungufu wa damu, uchovu, muwasho usiokuruhusu kulala, na hofu ya mke kuona, hivyo vyote vinapunguza hamu na vyote vinaondoka ukitibiwa. Utani wa madereva wenzako uache uende, wengine hapo nao wana boksa nyeusi.

Mkeo mwambie. Ana watoto watatu, uwezekano ni mkubwa ujauzito mmojawapo alipata hii hii na akakaa kimya kama wewe, ujauzito unaileta sana. Anaweza akakuonyesha beseni kabla mimi sijamaliza kukuelekeza. Kama utaona ugumu kuanza, mpe simu asome barua yako, ingawa ukishafanya hivyo mambo ya Zambia utayajibu mwenyewe.

Ukiona haya usisubiri miadi wala kumaliza safari, ingia hospitali yoyote iliyo karibu: damu inatoka haikatiki au inatoka na mabonge, kizunguzungu mpaka unataka kuanguka, kinyama kimetoka kimegoma kurudi na kinauma, uvimbe wa bluu wenye maumivu makali (huu ukiwahi ndani ya siku tatu za mwanzo daktari anaweza kuutoa, ukichelewa wanakuachia ujiyeyushe wenyewe), au maumivu na homa maana hilo linaweza kuwa jipu. Na kama kwenye haja unahisi kuchanwa na wembe kisha pale panawaka saa nzima, hiyo mara nyingi ni mchaniko wa ngozi, una dawa yake nyingine ya kupaka, mwambie daktari.

Bosi. Wiki ijayo usipakie mpaka uwe na namba ya HB mkononi. Mwambie unatokwa na damu na daktari anataka vipimo, inatosha, huna haja ya kumtajia inatokea wapi. Daktari akikuandikia ED, ile karatasi ya kupumzika kazi, mwombe asieleze ugonjwa kwa kirefu, wanaelewa. HB ikiwa nzuri na umeshaangaliwa na kidole, unaweza kuendelea na safari huku ukijipanga na siku ya kufungwa mpira, na ukishafungwa uliza daktari wako siku za kupumzika kabla ya safari ndefu, maana hutaki ile damu ya mpira kudondoka ikukute kati ya Mpika na Serenje usiku. Kubeba turubai na kufunga minyororo mwachie tingo kwa muda. Ukienda sokoni leo nunua beseni la plastiki lako mwenyewe, linaingia nyuma ya kiti.

Sista